Kabla Hujaenda Pangani, Tazama Mwezi

Wengi wanaosema wamefika Pangani, mji wa mwambao kusini ya Tanga, walipita tu. Walishuka kwenye gari, wakanunua dafu, wakapanda pantoni, wakavuka kwenda kuogelea Ushongo. Mji waliuona wakiwa njiani: nyumba za mawe zilizobanduka chokaa, milango ya nakshi yenye makufuli, wazee wamekaa barazani. Siwalaumu, maana safari yangu ya kwanza nami nilifanya hivyohivyo. Pangani si mji wa mabango. Jengo la enzi za Waarabu na Wajerumani linaweza kuwa ofisi yenye watu na mafaili, na la jirani yake likawa gofu ambalo mti umetokeza dirishani. Hakuna kibao cha kukueleza ni lipi lililokuwa ghala na lipi lilikuwa nyumba ya tajiri wa Kihindi. Ukienda bila kisa kichwani utarudi na picha za kuta, kwa hiyo begi lifungwe mwisho.

La kwanza ni kalenda, na hapa nina maana ya kalenda ya mwezi. Mto Pangani, unaoleta maji kutoka Kilimanjaro na Meru, unaingia baharini palepale mjini, na karibu kila utakachofanya kinafuata maji kujaa na kupwa. Kanuni yenyewe ni nyepesi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni siku za bamvua: maji hupwa sana karibu na saa 4 asubuhi, kisha hujaa sana karibu na saa 10 jioni. Kila siku inayofuata nyakati hizo husogea mbele kwa dakika kama 50. Baada ya wiki moja unakuta maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na saa zimegeuka: asubuhi bahari imejaa.

Mtu anayetaka kufika kisiwa cha Maziwe asipolijua hili atapoteza pesa. Maziwe ilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975, wakati bado ina miti na kasa wanataga mchangani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha. Leo ni fungu la mchanga mweupe linaloonekana maji yakipwa na kumezwa yakijaa. Nahodha mmoja aliwahi kutupeleka saa ambayo hakukuwa na kisiwa, tukazungukazunguka juu ya maji ya kijani tukielekezwa kwa kidole mahali kilipo. Hela alishachukua. Kwa hiyo panga Maziwe siku za bamvua au zinazokaribia, uondoke asubuhi mapema, na ulizia ada ya hifadhi kabla ya kupatana bei ya mashua, ili usilipe mara mbili. Huko hakuna kivuli hata cha kuku. Beba kofia, maji ya kunywa na viatu vya kukanyagia matumbawe. Kasa bado wanakuja, ila mayai yao huhamishiwa ufukwe wa Ushongo yasizame. Ukibahatika kufika siku vifaranga wanatoka, simama kando na uzime tochi.

La pili ni kisa, na hapa ndipo ningekuomba utumie jioni nzima kabla ya safari. Karne ya 19 Pangani ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka bara, upande wa Umasai na Kilimanjaro. Pembe za ndovu ziliteremka hapa, watumwa pia, na kando ya mto kulikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa haohao. Mwezi Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuja kuchukua utawala wa mwambao kwa mkataba iliouwekeana na Sultani wa Unguja. Wakala wake hapa, Emil von Zelewski, alianza kwa ugomvi na liwali, mtawala aliyewekwa na Sultani, kuhusu bendera ya Sultani. Mji ukachemka. Abushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa hapahapa Pangani, akawa kiongozi wa vita vilivyoenea Mrima nzima, yaani mwambao wa bara, na Bwana Heri wa Saadani akashika upande wake. Kamanda wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, aliuteka tena mji Julai 1889, na tarehe 15 Desemba mwaka huohuo Abushiri akanyongwa papa hapa Pangani. Zelewski yeye aliuawa mwaka 1891 kule Lugalo, Iringa, na jeshi la Mkwawa wa Wahehe. Ukiyajua haya manne matano, kingo za mto zinabadilika machoni pako.

Kuna jambo jingine ambalo huelezi sura ya mji bila kulitaja. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, na ilipandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto. Humo ndimo ulimotoka mkonge uliokuja kuitajirisha Tanga. Na mwaka uleule 1893 reli ilianza kujengwa, lakini ilianzia Tanga yenye bandari ya kina, si Pangani ambayo mdomo wa mto wake una fungu la mchanga linalozuia meli kubwa. Biashara ikahama. Mji ulipoteza mali ukabaki na nyumba, na ndiyo sababu leo una kitu cha kutazama.

Ukishafika, tafuta mwongozaji wa mji siku hiyohiyo. Kuna vijana wa utalii wa kitamaduni karibu na mto. Patana bei mapema, na umwambie unataka kutembea taratibu. Anza na Boma, jengo la zamani la utawala. Utasimuliwa kwamba watumwa walizikwa hai chini ya nguzo ili jengo lisimame imara. Hiyo ni simulizi, si taarifa ya wachimbaji, lakini isikilize, kwa kuwa inakueleza jinsi watu wa hapa wanavyoukumbuka utumwa. Jengo hilo limetumika kama ofisi za serikali, kwa hiyo omba ruhusa kabla ya kunyanyua kamera. Kisha ingia mtaa wa maduka ya zamani ya Wahindi, nyuma ya barabara ya mto. Tazama juu, si chini: boriti za mikoko zilizotokeza ukutani, roshani zilizolegea, tarehe zilizochongwa juu ya milango. Mitaa hii ni makazi ya watu. Ukikuta mama anaanika nguo mbele ya mlango wa nakshi, mlango ni wake; mwamkie kwanza. "Shikamoo bibi" itakufungulia zaidi ya noti ya elfu kumi, na mara nyingi hadithi nzuri kuliko za mwongozaji huanzia hapo.

Usifanye kosa la kuukimbilia mji ukaacha Tongoni nyuma. Magofu haya yako njiani, kama kilomita 20 kusini ya Tanga, na ni busara kuyaona siku ya kwenda, ukiwa bado na nguvu. Kuna msikiti wa karne ya 15 na makaburi yapata 40, mengi yakiwa na nguzo, baadhi zimesimama na nyingine zimelala chali. Kwenye nguzo utaona matundu yalimokuwa vyombo vya kauri vya China. Vasco da Gama alipita mwambao huu, na mwanzoni mwa 1499 aliichoma moto São Rafael, mojawapo ya meli zake, kwenye mafungu ya mchanga ya karibu, kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuziendesha zote. Lipa kiingilio, chukua risiti, na usipande juu ya makaburi hata kama umeona wengine wakipanda. Wapo watu wanaokuja hapo kuomba dua na kuweka nadhiri. Kwao si magofu.

Msimu nao una neno lake. Masika, Machi hadi Mei, mvua huharibu barabara za udongo na bahari huchafuka. Upepo wa kusi ukivuma katikati ya mwaka hali ya hewa ni ya baridi kidogo, ila mashua ndogo hupata tabu mchana. Januari na Februari upepo wa kaskazi ni tulivu zaidi, lakini joto ni la kweli. Mimi ningechagua Septemba au Oktoba mwanzoni. Halafu rudi kwenye kalenda ya mwezi uangalie Ramadhani: mji ni wa Waislamu kwa sehemu kubwa, migahawa mingi hufungwa mchana, na anayekula hadharani anajiaibisha mwenyewe. Kwa upande mwingine, futari ya Pangani, mihogo ya nazi na samaki, inatosha kuwa sababu ya safari.

Mengine ni mafupi. Kutoka Dar es Salaam mabasi hupitia Chalinze na Segera hadi Tanga, na Tanga unapata gari la Pangani. Ipo pia njia ya Muheza. Barabara ya mwambao ya kwenda Saadani na Bagamoyo, pamoja na daraja la mto, vimekuwa vikijengwa, kwa hiyo piga simu kwa mwenyeji wako umuulize njia ikoje wiki hiyo. Toa fedha taslimu Tanga, ukiwa na noti ndogondogo za mashua na bodaboda. Mavazi yafunike mabega na magoti. Nguo za kuogelea zibaki ufukweni, na kanga moja begini inamaliza mjadala. Chandarua na dawa ya mbu ni lazima.

Mtoni usiingie kuogelea, hata ukiona watoto wakichezea ukingoni. Mamba wapo, viboko wapo, na maji yakipwa mkondo unavuta kuelekea baharini kwa nguvu ambayo huioni ukiwa juu. Kama unataka kuuona mto, kodi mashua alasiri upande nao kwenye mikoko na minazi, maji yakiwa yanajaa ili yakusukume. Na ukivuka kwenda Bweni kutazama mji kutoka kilimani, muulize mkata tiketi pantoni ya mwisho inarudi saa ngapi kabla hujapanda.