Somo: Kuchonga upinde wa mti mmoja, kuanzia kipande kibichi hadi kufunga upote

Somo hili ni la upinde wa inchi 66, yaani sentimita 168 hivi, wenye uzito, yaani nguvu ya kuuvuta, wa paundi 30 ukivutwa inchi 26. Unapinda wote, hata kwenye mshiko hupinda kidogo, kama zilivyo pinde nyingi za kwetu. Hauna kiungo wala gundi. Anayeanza asilenge zaidi ya paundi 35, kwani kosa ambalo upinde wa paundi 30 unalivumilia, wa paundi 50 hulipia kwa kuvunjika.

Tuelewane maneno. Mgongo ni upande unaotazama shabaha. Tumbo ni upande unaokutazama wewe unapovuta. Mikono ni nusu mbili za upinde, wa juu na wa chini. Upote ni ule uzi. Ukivuta, mgongo unanyooshwa na tumbo linabanwa, na karibu kila sheria iliyo hapa chini inatokana na jambo hilo moja.

Mti

Mkole ndio chaguo la kwanza. Unamea sehemu kavu: Kitui, Makueni, Kajiado. Wamaasai huuita esiteti na huuchongea fimbo. Ni mgumu, unanyumbulika, na mara nyingi hutoa vijiti virefu vilivyonyooka. Nunua kwa mwenye shamba. Msitu wa serikali haukatwi bila kibali cha KFS, shirika la misitu la Kenya, hata kama unataka kijiti kimoja tu.

Tafuta kipande cha sentimita 5 hadi 7 kwa kipenyo na urefu wa sentimita 190, ili ubaki na ziada ya kukata ncha zikipasuka. Tazama ganda: mistari yake ikizunguka mti kama kamba iliyosokotwa, nyuzi za ndani nazo zimezunguka, na upinde utajipinda ubavuni. Uache.

Mbao za Gikomba ni jaribu kubwa kwa mkazi wa Nairobi kwa sababu ziko karibu na zimekwisha kupasuliwa. Saipresi na paini zina tumbo laini mno, zinajikunja na kubaki zimelemaa. Mvule na mahogani ni ngumu, lakini mara nyingi nyuzi zake hupishana, tabaka moja likilala kulia na jingine kushoto, kwa hiyo zinatoka nje mgongoni, na hapo ndipo ufa huanzia. Mkaratusi hupasuka na kujisokota unapokauka. Ukilazimika kutumia mbao, chagua ile ambayo mstari wa nyuzi unaweza kuufuata kwa kidole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine bila kutoka pembeni, kisha gundisha mgongoni tabaka mbili za kitani au marekani kwa gundi nyeupe ya mbao. Kitambaa kitashika vibanzi visiinuke, lakini hakiokoi mbao mbaya.

Kukausha

Siku ileile mti ulipokatwa, paka ncha zote mbili rangi ya mafuta au gundi nene. Unyevu hutoka kwenye ncha haraka kuliko ubavuni, ncha zinasinyaa kabla ya katikati, na mti unapasuka. Ukingoja hadi kesho, ufa umeshaingia.

Pasua kipande katikati kwa kabari, au kama ni chembamba, chonga upande mmoja tu hadi uupite ule uboho wa katikati. Punguza hadi unene wa sentimita 3. Kipande chembamba hukauka kwa wiki, gogo zima kwa miezi. Ganda la mgongoni libaki kwa sasa. Kifunge kwenye ubao ulionyooka kisijipinde, ukiweke ndani, kivulini, penye hewa. Usikiweke juu ya mabati wala karibu na jiko.

Kipime kila wiki kwa mizani ya jikoni na uandike uzito kwenye ubao wenyewe. Uzito usipopungua kwa wiki mbili mfululizo, kimekauka. Januari na Februari Nairobi kazi hii huenda haraka, lakini kati ya Machi na Mei, na tena baridi ya Julai, ongeza muda. Mti mbichi ukilazimishwa kupinda hubaki umepinda daima.

Umbo

Sasa ondoa ganda kwa kisu butu au mgongo wa kisu, taratibu, hadi ufike uso laini wa mti ulio chini yake. Uso huo ndio mgongo wa upinde, na hauguswi tena na panga, randa wala tupa. Nyuzi za uso huo zimeshikana kutoka ncha hadi ncha. Ukizikata mahali pamoja tu, hapo ndipo zitaanza kuinuka. Kama kuna fundo, liache na nyama kidogo kulizunguka, na upande wa tumbo palipo na fundo paachwe panene kwa milimita moja.

Piga mstari wa katikati mgongoni, ukifuata nyuzi hata kama zinayumba, usifuate rula. Weka alama za upana: mshikoni sentimita 3, mkononi sentimita 3.5 hadi theluthi mbili ya mkono. Kisha punguza polepole hadi sentimita 1.2 kwenye ncha. Ubavu uchonge kwa panga kali au tezo, umalizie kwa randa na tupa ya mbao. Kipande kibanwe kwenye jiriwa kikiwa kimefungwa kitambaa.

Unene wa kuanzia: sentimita 2.2 mshikoni, 1.7 katikati ya mkono, 1.3 nchani. Ni mnene kwa makusudi. Viringisha kingo zote, hasa za mgongoni, kwa msasa namba 120. Kingo kali ndizo hupasuka mwanzo.

Kusawazisha

Hapa ndipo upinde unapotengenezwa, na hapa ndipo pinde nyingi hufa. Jambo la kulishika: ukiongeza upana mara mbili, ukakamavu huongezeka mara mbili, ukiongeza unene mara mbili, ukakamavu huongezeka mara nane. Maana yake ni kwamba kupunguza sehemu ya kumi ya unene kunaondoa zaidi ya robo ya nguvu ya mahali hapo. Kwenye mti wa milimita 15, hiyo ni milimita moja na nusu tu.

Anza sakafuni. Simamisha ncha moja chini, shika mshiko, sukuma kidogo, na utazame mkono unavyopinda. Geuza, fanya vivyo hivyo. Toa mbao tumboni pale palipo pakakamavu kama mpini, uache pale panapopinda tayari. Mikono yote miwili ikipinda kidogo na sawa, hamia ukutani.

Ukutani piga msumari imara au kibao chenye mdomo wa kubebea mshiko. Chini kabisa funga kapi. Chonga mapengo ya upote kwenye ncha kwa tupa ya mviringo, kwa mshazari wa digrii 45, ubavuni na tumboni, usiingie mgongoni. Funga kamba ndefu ya majaribio inayoning'inia kidogo, ipitishe kwenye kapi kupitia mizani ya kuning'iniza, kisha simama mbali uvute ukitazama. Paundi 30 ni kilo 13.6.

Usivute kamwe kupita kilo 13.6, hata kama upinde umefika inchi 12 tu. Ikigonga hapo, acha, rudi mezani, toa mbao. Na usivute zaidi ya pale unapoona kasoro: kasoro unayoivuta ndiyo unayoifanya ya kudumu.

Kwa kuikamata kasoro yenyewe, tengeneza kibao kidogo kilichonyooka cha sentimita 15, utoboe tundu katikati, uingize penseli. Upinde ukiwa umepindwa, weka kibao tumboni, rekebisha penseli iwe karibu kugusa pale mkono unapopinda zaidi, kisha kiteleze kutoka mshikoni hadi nchani. Penseli itaandika palipo pakakamavu, na palipo palegevu itapita bila kugusa. Ushushe upinde, kwangua alama tu, hadi zifutike. Baada ya kila kukwangua, vuta mara 30 kwa umbali uleule wa awali ili nyuzi zizoee, ndipo utazame tena. Mti hauonyeshi ulichokifanya mpaka uvutwe, na wasiovuta hukwangua mara mbili palipohitaji mara moja.

Ncha zikisogea sentimita 12 hivi kwa usawa, acha tupa. Kuanzia hapo ni kukwangua kwa ukingo wa kipande cha msumeno wa chuma au kioo kilichovunjika, huku umevaa glovu. Badili kamba ndefu kwa upote mfupi; mwanzo uweke chini, inchi 3 kutoka mshikoni, kisha inchi 6. Kipimo cha zamani ni ngumi iliyofungwa na kidole gumba kimesimama. Kisha vuta hadi inchi 18, kagua, inchi 19, kagua, mpaka 26.

Umbo unalolitafuta ni mwezi mchanga, pasiwe na sehemu iliyovunjika kama kiwiko. Mkono wa chini uwe mkakamavu kidogo: ukipima kutoka upote hadi tumbo, sentimita 20 kutoka mshikoni, mkono wa juu uwe umezidi kwa milimita 3 hadi 6.

Kikitokea kiwiko, usikiguse. Hakuna cha kuongeza pale. Utapunguza kila mahali pengine mpaka palingane nacho. Upinde wa paundi 30 utakuwa wa 25, na utadumu.

Upote

Uzi wa nailoni unavutika sana, unapoteza nguvu ya mshale. Tumia uzi wa polista wa mafundi viatu, uliopakwa nta ya nyuki. Chukua uzi mmoja, uning'inize na mizani uuvute hadi ukatike, uandike kilo. Nyuzi zote pamoja zibebe angalau mara 5 ya uzito wa upinde: kwa upinde wetu, kilo 68. Gawa mafungu mawili, usokote kila fungu upande mmoja na uyakunje pamoja upande wa pili. Kitanzi juu, fundo chini. Uwe mfupi kuliko upinde kwa inchi 3 hivi, na uurekebishe kwa kuuzungusha.

Malizia kwa msasa namba 240 na tabaka tatu za mafuta ya kitani, kila moja ikauke kabla ya nyingine. Kamba ya ngozi mshikoni.

Maswali ya wanachama

*Fundi, mgongo umeinua kibanzi kidogo kama ukucha. Niutupe?* (Kayole)

Shusha upote kwanza. Kama kibanzi kinafuata urefu wa upinde na hakizidi sentimita moja, tia gundi ya matone, kibane usiku kucha, kisha zungushia uzi wenye gundi kwa sentimita 3. Kama ufa unakatiza upana, huo upinde usivutwe tena na mtu yeyote, utavunjikia usoni.

*Tumboni naona mikunjo myembamba kama ya ngozi ya mzee, haisikiki kwa kidole. Ni nini?* (Rongai)

Tumbo limebanwa kuliko linavyoweza. Mahali hapo panafanya kazi ya jirani zake. Acha kuvuta, punguza pande zote mbili za hapo, kubali upinde mwepesi. Usikwangue mikunjo yenyewe, utaifanya mirefu.

*Upinde wangu Februari ulikuwa paundi 34, sasa Julai ni 28. Nimeharibu wapi?* (Kikuyu)

Shusha upote, weka upinde kwenye meza iliyonyooka. Kama ncha zimeinuka kuelekea tumboni kwa zaidi ya sentimita 5, umelemaa, pengine kwa kuachwa umefungwa upote saa nyingi. Kama haziko hivyo, ni unyevu wa msimu. Uweke ndani ya chumba kikavu wiki mbili, umelala juu ya misumari miwili, upime tena.

*Natafuta wa mtoto wa miaka 10, anavuta inchi 20.* (Umoja)

Dada, kupata urefu wa upinde zidisha inchi anazovuta kwa 2.5: inchi 50. Uzito uwe paundi 12 hadi 15. Upana upunguze hadi sentimita 2.5, unene usiukadirie, ufuate mizani. Na aambiwe mapema: upote hauachiliwi bila mshale. Nguvu isipobebwa na mshale inarudi kwenye mti.

*Kwa hiyo mshale mwepesi sana nao ni hatari?* (Umoja)

Ndiyo, kwa sababu ileile. Kwa upinde wa paundi 30, mshale mzima na kichwa chake usipungue gramu 20.

*Tunaweza kwenda nao porini kuwinda kwale?* (Athi River)

Hapana, ndugu. Sheria ya wanyamapori ya Kenya inakataza uwindaji wa aina hiyo. Piga magunia yaliyojazwa matambara kwa kushindiliwa, mbele ya ukingo wa udongo, kwenye uwanja wa mtu aliyekuruhusu, na pasiwe na njia ya watu nyuma ya shabaha.