Unataka Kuanza Karate au Judo Kigoma na Unaogopa Kuumia? Zingatia Haya Kabla

Mtu anayetaka kuanza karate, judo, taekwondo au ngumi huku akiogopa kuumia, asichekwe. Ana familia na ana kazi, na mkono ukivunjika ni wiki 6 au zaidi bila kushona nguo, bila kuvuta nyavu, bila kuendesha bodaboda. Hofu hiyo ina kazi yake: itakufanya uulize maswali ambayo kijana mwenye haraka hayaulizi. Wengi huanza kwa kuuliza mchezo upi ni salama zaidi. Mimi naona hilo lije baadaye. La kwanza ni nani atakufundisha, na ukianguka utaangukia nini. Mwalimu makini wa judo, mwenye sakafu inayofaa, atakulinda kuliko mwalimu mzembe wa mchezo wowote unaosifiwa kuwa mpole.

Lakini kabla ya mwalimu, tuuangalie mwili wako, na kwa mkoa wetu tuanze na malaria. Kigoma na Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na watu tumeizoea kiasi kwamba mtu anamaliza dozi leo, kesho yuko uwanjani. Kwa anayekimbia tu, atachoka basi. Kwa anayepigwa mateke ya mbavu au kubwagwa chini, hatari ni nyingine. Malaria huvimbisha bandama, kiungo kilichojificha chini ya mbavu za kushoto. Bandama iliyovimba inapasuka kwa urahisi kuliko iliyo nzima, na ikipasuka damu inavujia tumboni bila wewe kuiona. Homa ikipoa haina maana kwamba na bandama imerudi saizi yake; inaweza kuchukua wiki kadhaa. Kwa hiyo kama umeugua malaria karibuni, mwombe daktari akupapase tumbo kabla hujaanza, na siku zote mwambie mwalimu wako. Mazoezi mepesi ya hatua na mikono unaweza kuendelea nayo ukijisikia vizuri, ila kupigana na kurushana ngoja. Na ukipigwa upande wa kushoto, kisha tumbo likauma, au bega la kushoto likauma bila kuguswa, au ukahisi kizunguzungu na jasho la baridi, usiende kulala. Nenda hospitali usiku huohuo.

Jambo la pili ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo, na wapo watu wazima wanaoishi nayo wakiwa na nafuu. Mazoezi makali ukiwa na kiu, kwenye joto, yanaweza kuamsha maumivu makali ya mifupa. Mwenye selimundu aongee na daktari wake kwanza, na kunywa maji kusiwe jambo la kuomba ruhusa. Presha, pumu, kifafa, moyo: haya nayo yapitie kwa daktari, na mwenye pumu aje na dawa yake ya kuvuta kila siku ya mazoezi. Chanjo ya pepopunda ikaguliwe pia, kwa sababu tunafanya mazoezi pekupeku na misumari haina adabu.

Kisha jipe wiki 4 hadi 6 za kuuandaa mwili kabla ya kujiandikisha. Watu huumia zaidi wakichoka: mguu unatua vibaya, goti linageuka, mkono unashuka ngumi inaingia. Kipimo rahisi kwa mtu wa mjini ni ule mlima wa kutoka stesheni hadi Mwanga. Upande kwa mwendo wa haraka. Kama unalazimika kusimama njiani, pumzi bado. Ongeza kuchuchumaa na kuinuka, pushapu hata kama ni kwa kuegemea ukuta, na kusimama kwa mguu mmoja nusu dakika kila upande, kwanza macho yakiwa wazi, baadaye ukiyafumba. Hili la mguu mmoja linadharauliwa, lakini ndilo linalolinda kifundo cha mguu. Wanaopenda kukimbia mchangani kule Kibirizi waanze kidogo kidogo, maana mchanga laini unaivuta sana kano ya kisigino.

Sasa ndipo tuongelee aina ya mchezo, na hapa angalia kazi yako. Judo, aliyoianzisha Kano Jigoro huko Tokyo mwaka 1882, ni ya kushika na kurusha. Wanaoumia huumia zaidi mabega na magoti, na pia vidole kwa sababu ya kung'ang'ania nguo ya mwenzako. Fundi cherehani afikirie mara mbili, au angalau amwambie mwalimu kwamba vidole ndivyo vinavyomlisha. Taekwondo ni mateke, mengine ya kichwani. Vidole vya miguu, nyayo na vifundo ndivyo vinavyoteseka. Karate inatofautiana sana kati ya mtindo na mtindo. Katika Shotokan na mingine ya aina hiyo, mpiganaji anafundishwa kuidhibiti ngumi isizidi, na mashindanoni anayepiga kwa nguvu kupita kiasi anaadhibiwa. Kyokushin wanapigana kwa nguvu mwilini, ingawa ngumi za usoni haziruhusiwi. Ngumi za ulingoni zinalenga kichwa, na hilo siwezi kulizungukia: kama unachoogopa zaidi ni kichwa chako, jifunze kupiga begi, miguu na pumzi, na sparing (kupigana na mwenzako kwa mazoezi) ya kichwa iache. Hakuna aliye na haki ya kukuita mwoga kwa hilo.

Ukishachagua, usilipe ada siku hiyohiyo. Nenda ukakae pembeni utazame vipindi viwili vitatu. Angalia sakafu kwanza. Kumbi nyingi za kwetu ni saruji tupu, na kwa kufanya hatua na ngumi za hewani saruji inavumilika. Kwa kurushana haivumiliki, wala mkeka wa kawaida juu yake si kinga. Wanaorushana wanahitaji mikeka maalumu ya mazoezi yenye unene wa sentimita 4 hivi, imeshikana bila mapengo. Wengine hutandika magodoro ya sponji wakidhani wameweka usalama zaidi. Godoro linazama, mguu unanasa ndani huku mwili ukizunguka, na goti ndilo linalolipa; na pale godoro mbili zinapokutana, kidole cha mguu kinaingia kwenye mwanya. Tazama pia nguzo, kingo za jukwaa, na viti vilivyorundikwa ukutani.

Halafu tazama watu. Je, mgeni anapangwa na nani? Mwalimu mwenye akili humpanga mgeni na mkongwe mtulivu, si na mgeni mwenzake, kwa sababu wageni wawili ndio hupigana kwa nguvu zote wakiwa hawajui kusimama. Je, mwalimu anaona nyuma ya ukumbi, au anaongea na simu? Mtu akisema "nimeumia", mazoezi ya wale wawili yanasimama au anaambiwa ajikaze? Je, wanapasha misuli moto dakika 10 au 15, au wanaanza kwa mateke ya juu?

Baada ya kipindi msogelee. Sema tu: "Shikamoo mwalimu. Nataka kujiunga, ila goti langu la kulia niliwahi kuumia kwenye mpira." Jibu lake litakueleza mengi. Akisema, "Marahaba. Liliumiaje? Ulitibiwa wapi? Likikunjwa sana linauma?", huyo anafikiri. Akisema, "Usijali, hapa tutalikomaza," mshukuru na uende kwingine. Muulize pia amefundishwa na nani, mgeni anakaa muda gani kabla ya kuruhusiwa sparing, na nani hapo anajua huduma ya kwanza. Vilabu vya michezo vinapaswa kusajiliwa chini ya Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na afisa michezo wa manispaa anaweza kukuambia kama klabu hiyo inajulikana. Usajili haumfanyi mwalimu kuwa mzuri, lakini mwalimu anayekasirika ukiuliza amejibu swali lingine.

Kuna somo moja nitalikazania kuliko yote: kuanguka. Kama klabu inarushana na haifundishi kuanguka kabla ya kurusha, usiingie. Tunapoteleza, mkono hukimbilia nyuma kudaka ardhi, na hapo ndipo kiwiko, kifundo cha mkono na mfupa wa bega huvunjika. Mwili lazima ufundishwe kuacha tabia hiyo, na unaweza kuanza kabla ya siku ya kwanza, juu ya kitu laini na bapa. Lala chali, kidevu kifuani, macho yatazame fundo la mkanda. Mikono yote miwili ipige sakafu kwa viganja, imenyooka, ikiwa mbali kidogo na mbavu, nusu ya njia kuelekea usawa wa bega, huku unatoa pumzi. Mdomo ufungwe, ulimi usiwe kati ya meno. Rudia mpaka kichwa kisiguse chini hata mara moja. Kisha anza kwa kuchuchumaa, jiviringishe nyuma mgongo ukiwa umepinda kama mtumbwi. Kusimama kuje baadaye sana, mbele ya mwalimu. Na ukija kuangukia mkono hata hivyo, kisha pakauma chini ya kidole gumba, ukapigwe picha. Mfupa mdogo wa hapo unaweza kuvunjika na picha ya kwanza isionyeshe, ndiyo maana daktari huita tena baada ya siku 10 hadi 14.

Vifaa si vingi. Kinga ya meno ile inayolainishwa kwa maji ya moto na kuumwa ichukue umbo lako, kinga ya nyeti kwa wanaume, sidiria imara kwa wanawake, bandeji za mikono kwa wanaopiga begi. Visivyopatikana mjini huagizwa Dar es Salaam au Mwanza vikaja na basi. Kofia ya sparing inazuia kuchanika, lakini ubongo ndani unatikisika vilevile, kwa hiyo usimruhusu mtu akupige zaidi kwa sababu umeivaa. Pete, hereni na mikufu vibaki nyumbani, kucha zikatwe. Kina dada wanaovaa hijabu wachague ya kuvuta isiyo na pini. Pini ni hatari kwako na kwa unayeshikana naye. Damu ikidondoka, watu wasimame, isafishwe kwa dawa ya klorini, kidonda kifunikwe ndipo waendelee.

Kubaliana na mwalimu tangu mwanzo kwamba miezi mitatu ya kwanza hufanyi sparing huru. Jifunze kugonga: ukikunjwa mkono au kukabwa, gonga mwili wa mwenzako au sakafu mara mbili, au sema "basi", na uwahi kabla ya maumivu. Mikunjo ya kiungo haitoi onyo refu. Mwezi wa Ramadhani, mfungaji aombe mazoezi mepesi karibu na magharibi, au aje baada ya futari ikishatulia.

Kuhusu kichwa sina mjadala. Ukipigwa ukaona giza, ukachanganyikiwa, ukasahau kilichotokea au kichwa kikaanza kuuma, siku hiyo umemaliza, hata kama baada ya dakika tano unajisikia mzima. Pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona ndilo la kutisha. Usiachwe peke yako usiku huo. Kutapika, kusinzia kusiko kwa kawaida, maumivu yanayoongezeka, degedege, au mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine: Hospitali ya Maweni, mara moja. Kwa maumivu tumia parasetamoli. Diklofenaki na aspirini acha mpaka daktari aseme, kwa sababu zinaweza kuzidisha kuvuja damu.

Na kifundo kikiteguka? Hapa naomba sana tuache jambo moja la nyumbani: kukanda kwa maji ya moto siku ileile. Joto na kusugua huongeza uvimbe siku mbili tatu za mwanzo. Weka barafu iliyofungwa ndani ya kanga, dakika 15 hadi 20 kwa mara, inua mguu, funga bandeji ambayo haikatazi damu kupita. Kama huwezi kutembea hata hatua 4, au mfupa unauma ukibonyezwa, hilo si la kukandwa na mtu yeyote mpaka upigwe picha. Anayeshukiwa kuvunjika mguu asipandishwe bodaboda; mfungie mbao mbili kwa vitenge, mpeleke kwa bajaji akiwa amenyoosha mguu. Anayelalamika shingo asiinuliwe, aachwe alipo mpaka waje wanaojua kumbeba.

Kwa hiyo mwachie mwalimu namba ya simu ya ndugu, aina ya bima uliyonayo na dawa unazotumia, zimeandikwa kwenye karatasi. Na baada ya kuumia usirudi kwa sababu maumivu yameisha tu. Rudi unapoweza kusimama kwa mguu ulioumia, kuruka nao, kukimbia na kukata kona bila kuulinda, na bila kidonge chochote cha maumivu asubuhi hiyo.