Kabla hujanunua kamera ya kupigia picha ndege na wanyama

Mtu akiniuliza anunue kamera gani ya kupigia picha ndege, mi namrudishia swali, unaenda kupigia wapi na ndege mwenyewe anakaa umbali gani? Hapo ndo kila kitu kinaanzia. Ukiwa ndani ya gari Serengeti au Mikumi tembo anaweza kupita karibu kabisa, lenzi ya milimita 300 inatosha na saa nyingine inazidi (milimita zikiwa nyingi, lenzi inavuta mbali zaidi). Ila chozi ni kandege kadogo mno, na furukombe, yule tai mla samaki, pale Ziwa Duluti karibu na Arusha anakaa juu ya mti ng'ambo ya maji, bila milimita 400 kwenda juu unarudi nyumbani na kidoa cheupe tu katikati ya majani.

Kwa hiyo hela weka kwenye lenzi kwanza, bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, baadae. Hili nalisisitiza sana kwa sababu nimeona watu wananunua bodi mpya ya gharama afu wanabaki na ile lenzi ya 18-55 iliyokuja kwenye boksi, wanaenda porini wanarudi wamekata tamaa kabisa na ndege wameachana nao. Bodi ya mtumba kama Nikon D500 ya 2016 au Canon 7D Mark II ya 2014, zote zinapiga picha 10 kwa sekunde, ukizifunga lenzi ya milimita 150-600 ya Sigma au Tamron hapo una kitu cha maana. Na sensa zao, ile sehemu ya ndani inayopokea picha, kuwa ndogo kuliko za kamera kubwa zinazoitwa fulu fremu kwa ndege ni faida, lenzi ya 400 kwenye Nikon inavuta kama 600, kwenye Canon kama 640.

Ila hiyo 150-600 peke yake ni karibu kilo 2, bodi bado. Kama unatembea kwa miguu, inyanyue usoni palepale dukani ukae nayo dakika kadhaa, mkono utakwambia. Wa kwenye gari asihangaike na tripodi, mfuko wa kitambaa uliojaa mchele ukiuweka dirishani ukaegemeza lenzi juu yake unatosha.

Mwanga nao. Ndege wanachangamka saa 12 na nusu asubuhi, jua bado halijakaza, na anayeruka anataka shata ifunguke kwa 1/2000 ya sekunde hivi, kwa hiyo ISO, yaani kamera kuukuza mwanga kidogo uliopo hadi picha inaanza chenga, inapanda mpaka 3200 au 6400 utake usitake, omba uone picha za hiyo bodi kwenye ISO hizo. Hapa ndo kamera zenye zumu ndefu ya kujengewa kama Nikon P1000 ya 2018 zinapochoka, zumu yake inafika sawa na milimita 3000 lakini sensa ni ndogo sana, msituni picha inajaa chenga. Kwenye jua na ndege aliyetulia iko vizuri, hasa kama unachotaka ni kumtambua ndege tu.

Ukiwa na hela ya kuongeza, iongeze kwenye fokasi. Kamera mpya zisizo na kioo ndani, mfano Canon R7 ya 2022, zinashika jicho la ndege zenyewe na kumfuata akiruka. Zinakula betri lakini, nunua ya pili siku hiyohiyo.

Kwenye mtumba kuwa makini. Mi niliuziwa lenzi ina fangasi ndani na sikuona mpaka nilipofika nyumbani, iliniuma sana, siku hizi namulika tochi ya simu upande mmoja natazama upande wa pili. Na lenzi nyingi za zamani za Nikon zenye herufi D, ukizifunga kwenye D3500 au D5600 fokasi unazungusha kwa mkono kwa sababu bodi hizo hazina mota ya kuizungusha lenzi.

Halafu usijaribu kamera kwa kupiga ukuta wa duka. Toka nje, tafuta kunguru kwenye waya wa umeme, msubiri aruke, piga picha 20 mfululizo kisha kuza moja moja uangalie jicho limeshikwa kwenye ngapi.