Kuyeyusha na kuchuja nta ya nyuki jikoni

Ukishakamua asali, suuza masega kwa maji baridi kwanza. Yale meusi yaliyokuwa na majana (watoto wa nyuki) yaloweke usiku kucha, la sivyo machicha yatanyonya nta na utaambulia kidogo.

Yafunge ndani ya stokingi kuukuu ya nailoni, uzamishe kwenye sufuria ya maji na kugandamiza kwa jiwe safi. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, hivyo maji yafuke tu, yasichemke. Ikipita nyuzi 85 huanza kupoteza rangi yake. Kwa jiko la mkaa, punguza makaa mapema. Nta itapenya na kuelea, uchafu ubaki ndani. Sufuria ya chuma cha pua ndiyo nzuri, maana chuma cha kawaida na shaba huipaka nta rangi. Maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima: visima vingi vya Dar vina chumvi, na maji magumu huifanya nta iwe kama uji usiotaka kuganda vizuri.

Epua, funika, zungushia blanketi ipoe polepole. Hapa wengi hukosa subira. Ikipoa haraka hupasuka na kushika vumbi. Kesho yake toa kitonge, kwangua tabaka chafu la chini. Kwa usafi zaidi, iyeyushe tena kwenye kopo lililo ndani ya maji moto, uchuje kwa kipande cha kanga.

Nta ikishika moto, usimwagie maji. Funika kwa mfuniko. Na mabaki usimwage kwenye sinki, yataziba bomba.