Sikio moja limekufa: kifaa gani kitakufaa na ukijaribu vipi

Kabla ya yote, kama sikio limezima ghafla, yaani jana ulisikia vizuri afu leo umeamka upande mmoja kimya, funga simu uende hospitali leo leo. Hiyo ni dharura. Dawa za steroidi zina nafasi kubwa zaidi zikianza mapema, wiki mbili za mwanzo ndo zenye maana, na watu wengi wanazipoteza wakidhani ni nta au mafua yataisha yenyewe.

Kama lako ni la siku nyingi kama langu (mi kushoto hamna kitu tangu utotoni), twende taratibu.

Anza na vipimo. Usiridhike na kile cha kubonyeza ukisikia mlio, omba wakupime na maneno pia, maana kuna sikio linasikia sauti ila maneno haliyatambui. Na kama hakuna anayejua kwanini limekufa, ulizia MRI (kipimo cha picha ya ndani ya kichwa), mara chache inakuwa ni uvimbe kwenye neva ya usikivu, sio kansa, lakini bora ujulikane. Ikionekana sikio bado linapata maneno kiasi, shimesikio la kawaida (kifaa cha kusaidia kusikia) linajaribiwa kwanza. Kama sikio limekufa kabisa achana na shimesikio, kazi yake ni kukuza sauti na wewe huna pa kuipokelea.

Sasa hapa ndo watu wanakosea, wanauliza "kipi kizuri" kabla ya kujiuliza wao wanasumbuliwa na nini. Kuna mtu kero yake ni aliyekaa upande mbovu, akiongea hampati. Mwingine kero yake ni kuitwa njiani akazunguka mzima asijue sauti imetoka wapi. Mwingine ni ule mlio wa sikioni usiokata usiku. Kujua sauti inatoka wapi kunahitaji masikio mawili, ubongo unalinganisha limepata lipi kwanza na kwa nguvu kiasi gani, tofauti yenyewe haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa hiyo kifaa chochote kinachohamisha sauti kwenda sikio zima hakitakurudishia hilo, hata muuzaji aongee vipi.

Kinachojaribiwa kwanza mara nyingi ni CROS, wenyewe wanaita krosi. Unavaa vifaa viwili, cha upande mbovu ni maiki tu, inanasa sauti na kuirusha bila waya kwenda kifaa cha upande mzima. Hakuna upasuaji, ukikichoka unavua. Kama na hilo sikio zima limeanza kupungua kuna BiCROS, inahamisha na kukuza hapohapo. Ubaya wake ni kwenye kelele: ukikaa na spika upande mbovu, krosi inakuletea yote kwenye sikio pekee ulilonalo, wakati bila kifaa kichwa chako kingekukinga kidogo. Uliza kama maiki inaweza kuzimwa kwa kitufe au kwa simu, mi nisingechukua isiyo na hiyo.

Pili ni kifaa cha mfupa. Kinatetemesha mfupa wa nyuma ya sikio bovu, mtetemo unapita kwenye fuvu hadi sikio la ndani la upande wa pili. Si jambo jipya, wagonjwa wa kwanza waliwekewa skurubu ya titani Gothenburg, Sweden, mwaka 1977. Uzuri wake sikio zima linabaki wazi, haliingizwi kitu. Leo kuna ya skurubu inayotokeza kwenye ngozi, hiyo usafi ni kila siku la sivyo ngozi inavimba, kuna ya sumaku chini ya ngozi, na kuna za mkanda au gundi zisizohitaji kisu. Usikubali kisu kabla hujavaa ya mkanda siku kadhaa ukiwa nyumbani na kazini. Ila jua kwamba kwenye mkanda sauti inakuwa hafifu kuliko ya skurubu, ngozi inameza kidogo.

Tatu ni kipandikizi cha koklea, yaani kifaa kinachowekwa kwa upasuaji ndani ya koklea (sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti), na hiki ndo peke yake kinachoamsha sikio lenyewe. Marekani walikiruhusu kwa watu wa sikio moja mwaka 2019, kuanzia miaka 5. Kinaweza kusaidia kujua sauti inatoka wapi, na kwa wengi mlio unapungua. Lakini neva lazima iwepo na iwe nzima, na sikio likiwa kimya miaka mingi matokeo yanashuka, aliyezaliwa hivyo akafika utu uzima kwa kawaida hapati cha maana (ndo maana mi sikufuatilia). Mwanzoni sauti ni kama roboti, inataka miezi ya mazoezi.

Chochote utakachojaribu, omba wiki kadhaa na uulize kama kinarudishwa. Usikijaribu sebuleni tu ambako kila mtu anasikia, kipeleke kwenye meza ya watu sita, kwenye gari ukiwa umempa dereva sikio bovu, barabarani, halafu andika kwenye simu siku hiyohiyo maana utasahau.

Na wakati unasubiri, ingia setingi za simu sehemu ya ufikivu uwashe sauti ya mono. Bila hiyo ukivaa spika za masikioni nusu ya muziki inaenda kwenye sikio lililokufa, mi nilipoiwasha ndo nikajua wimbo niliouimba miaka yote una mtu wa pili anayeitikia.