Viwavijeshi gani? Andika majina yote mawili kabla ya kununua dawa

Kila msimu naitwa kwenye mahindi yaliyokwisha kuliwa moyo, na maelezo ni yale yale: “Tuliona viwavijeshi, tukangoja wapite.” Wapite waende wapi? Wanaopita ni wale wa zamani, *Spodoptera exempta*. Hao huja kwa makundi, hufyeka nyasi na nafaka, kisha huingia ardhini kuwa pupa, hatua ya kabla ya kugeuka nondo. Hawa wanaojificha ndani ya moyo wa mhindi ni viwavijeshi vamizi, *Spodoptera frugiperda*, wenyeji wa Amerika waliothibitishwa Afrika mwaka 2016. Kizazi kimoja kikiisha, kingine kinaanza humo humo shambani.

Kiswahili kimewapa jina moja, ndiyo maana nasisitiza la kisayansi. Neno la kwanza ni jenasi, yaani kundi la ndugu wa karibu; la pili linataja spishi, yaani aina yenyewe ndani ya kundi hilo. Mtindo huu wa maneno mawili ni wa Carl Linnaeus, mtaalamu wa viumbe wa Sweden, na kwa wanyama unahesabiwa kuanzia kitabu chake cha 1758. Jenasi ianze kwa herufi kubwa, neno la pili kwa herufi ndogo, na kwa kalamu yapigie mstari yote mawili. Kifupi “S.” kinakubalika baada ya kuandika jenasi kamili, si kabla. Kuna daftari la kikundi nimelikuta na neno “Spodoptera” tu. Jamani! Hiyo ni kufika Moshi, ambako akina Mushi ni wengi, ukauliza kwa Mushi.

Kumtambua, shika mkubwa mmoja, maana kwa wadogo alama hazionekani vizuri. Kiwavijeshi vamizi ana Y iliyopinduliwa usoni, na kwenye pingili ya pili kutoka mwisho ana madoa 4 meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Tazama yote mawili. Y peke yake haitoshi, kwa sababu ndugu zake nao huwa nayo.

Lakini kupuliza kusingoje wote wakue. Kagua mara 2 kwa wiki tangu mahindi yachomoze: tembea kwa umbo la W, simama mara 5, kila kituo mimea 10. Mahindi yakiwa bado machanga, mimea 10 kati ya hiyo 50 ikishambuliwa, puliza viwavi wakiwa chini ya sentimita 1, alfajiri au jioni, dawa iingie moyoni. Saa sita mchana unanyunyizia jua.

Majani mapya yakitoka bila matundu, umewapata.

Dukani, usilipe kabla ya kusoma kwenye lebo wadudu waliotajwa.