Kununua trela kuukuu ya safari: tafuta maji kwanza, sura baadaye

Baba yangu ni fundi wa majahazi, Matondoni, kisiwani Lamu. Nikiwa mdogo kazi yangu ilikuwa kumshikia taa chombo kinapopandishwa pwani kutengenezwa. Hakuanza na tanga wala rangi. Aliinama kwenye ngama, chini kabisa ndani ya chombo, akanusa, kisha akachomachoma mbao kwa ncha ya kisu, moja baada ya nyingine, kabla hajataja bei.

Leo naishi Minnesota, naendesha basi la shule, na shule zikifungwa mwezi Juni natengeneza trela za zamani za safari: zile nyumba ndogo za magurudumu ambazo Wamarekani wa miaka ya 1950 na 1960 walizifunga nyuma ya gari wakaenda kupumzika ziwani. Nimemaliza mbili, ya tatu iko uani. Kila nikitoka swala ya Ijumaa hakosi kijana wa kuniuliza aanzie wapi, kwa hiyo nayaweka yote hapa.

Ya kwanza niliinunua kwa macho. Ilikuwa Shasta ya mwaka 1964, futi 16, yenye yale mabawa mawili ya bati nyuma yanayoitambulisha Shasta. Nje rangi nyeupe na kijani, ndani mapazia mapya, na harufu ya rangi bado mbichi. Nililipa dola 3,200 siku hiyohiyo. Wiki ya tatu nikabandua ubao chini ya dirisha la nyuma, kidole kikazama. Mbao za ndani zilikuwa unga mweusi kama kahawa iliyotwangwa. Ukuta ule ulikuwa umeshikiliwa na bati la nje na rangi ya ndani tu. Kazi niliyoipangia miezi miwili ilikula misimu miwili.

Nilimpigia baba simu ya video nikamwonyesha mifupa iliyobaki. Alitazama kimya, kisha akasema, “Hayo ni mataruma, mwanangu. Hicho ni chombo.” Mataruma ni mbavu za jahazi. Tangu siku hiyo nakagua trela kama yeye anavyokagua jahazi.

Na kweli zimejengwa hivyo. Shasta, Serro Scotty na nyingi za wakati huo zina mataruma ya mbao nyembamba, juu yake ngozi ya bati la alumini, ndani plaiwudi. Bati la paa na bati la ukuta hukutana pembeni, na maungio yale hufunikwa kwa utepe wa alumini uliokazwa kwa skrubu, chini yake pamepakwa putini. Hiyo putini ndiyo kalafati yake, kama pamba inayoziba nyufa za jahazi. Baada ya miaka 60 ya jua na theluji imekauka, imepasuka, na maji yanapita. Yanapita pia kandokando ya madirisha, kwenye tundu la hewa la paani, nyuma ya taa za nyuma, na kwenye Shasta yanapita palipofungwa yale mabawa. Maji hayakai yalipoingilia. Hutiririka juu ya taruma hadi chini, yakatulia kwenye kona za sakafu. Kwa hiyo doa likionekana juu, ubovu wenyewe mara nyingi uko chini.

Ukienda kuangalia, chukua tochi, bisibisi nyembamba, kipima unyevu cha ncha mbili, barakoa, glavu, na turubai la kulalia. Mwambie mwenyewe mapema kwamba utafungua makabati na kuchoma mbao mahali pasipoonekana. Akikataa, mshukuru, rudi nyumbani.

Fungeni mlango na madirisha dakika kumi, mzungumze nje, kisha uingie peke yako uvute pumzi. Ukungu una harufu yake, na manukato ya dukani hayaifichi vizuri. Halafu inua magodoro, fungua mabenchi, angaza kona nne za chini, ukianzia nyuma. Bonyeza kwa kidole gumba kila baada ya shubiri moja. Panapobonyea, jaribu bisibisi. Ubao mzima unaikataa. Uliooza unaipokea kama andazi. Kipima unyevu kinasaidia: ubao ukizidi asilimia 20 ya unyevu, kuvu anaweza kuula. Lakini msitegemee namba peke yake. Katika kiangazi kikavu, ubao uliokwisha kuoza unaweza kusoma mkavu kabisa, na bisibisi tu ndiyo itakayosema kweli. Wakati wa mvua au theluji ikiyeyuka ndipo kipimo kina maana zaidi.

Rangi mpya ndani ya trela ya miaka 60 huniogopesha kuliko doa. Doa ni ushahidi; rangi mpya imefuta ushahidi. Silikoni iliyopakwa ovyo juu ya maungio nayo inaeleza kwamba mtu aliona uvujaji akauziba kwa juu bila kufungua, na kuikwangua ni kazi ngumu, maana gundi nyingine yoyote haishiki juu ya mabaki yake. Mimi nataka trela chafu lakini kavu. Nimekwisha kulipia zaidi trela yenye zulia bovu, plaiwudi ya manjano na vinyesi vya panya, nikaacha jirani yake iliyong'aa. Kuhusu panya, vaa barakoa, na usifagie vinyesi vikavu: vilowanishe kwanza kwa dawa ya kuua vijidudu, kwa sababu hapa Marekani wapo panya wanaobeba virusi vya hanta.

Toka nje, simama kwenye kona ya nyuma, uchungulie ukuta kwa urefu wake. Ukuta uliotuna umepoteza mataruma ndani. Kisha tandika turubai ulale chini. Usiingie chini ya trela iliyoinuliwa kwa jeki peke yake. Kutu ya juu juu ni ya kawaida. Kutu inayobanduka matabaka, hasa kwa trela zilizopita barabara zetu za chumvi wakati wa baridi, ni ya fundi wa kuchomelea. Gonga kwa nyundo ndogo usikilize. Tazama kwa makini sana pale mkono wa mbele wa kukokotea unapoungana na chesisi, utafute nyufa.

Zile za alumini inayong'aa, Airstream, zina mambo yake, na vijana wengi wanazitamani. Wenzetu wachache wanajua kwamba zilifika Afrika: mwaka 1959 mwanzilishi wake, Wally Byam, aliongoza msafara wa trela hizo kutoka Cape Town, wakafika Cairo mwaka 1960. Mataruma yake ni ya alumini, yameshonwa kwa ribiti, pini za kubana bati, hayaozi. Sakafu, hata hivyo, ni plaiwudi iliyobanwa kati ya gamba na chesisi, na ikioza nyuma, gamba hupoteza mahali pa kushikilia. Mwombe mwenzako apande juu ya bampa ya nyuma huku wewe unatazama. Bampa ikishuka na gamba likabaki palepale, gamba na chesisi vimeachana, na itabidi ufungue sehemu kubwa ya nyuma. Angalia pia ekseli. Kuanzia miaka ya 1960 Airstream walitumia ekseli zenye mpira ndani badala ya springi za majani, na mpira wa umri huo kwa kawaida umekufa. Kubadilisha kunawezekana, ila kuingize kwenye bei.

Kama huna banda wala hujawahi kushika msumeno, ushauri wangu wa dhati ni uanze na ya faiba, yaani plastiki yenye nyuzi za kioo: Boler, iliyoanza kutengenezwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1968, au Scamp, ambayo hutengenezwa hapa kwetu, Backus, tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Gamba ni vipande viwili, cha juu na cha chini, vilivyounganishwa kiunoni kama kombe. Hakuna taruma la kuoza. Utakagua sakafu, madirisha, ribiti na nyufa. Bei yake iko juu kwa sababu kila mtu analijua hilo, lakini hutaangukia ukuta wa unga.

Uzito. Kabla hujatoka nyumbani soma kitabu cha gari lako. Magari mengi ya familia zetu, kama Toyota Sienna, yana kikomo cha paundi 3,500 za kuvuta. Trela yenye bango la paundi 2,000 haibaki hivyo ukiweka maji, gesi, vyombo na godoro. Galoni moja ya maji peke yake ni zaidi ya paundi 8. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote inapaswa kulalia gari kupitia mkono wa mbele. Ikipungua hapo, trela huyumba barabarani, na nimewahi kuhisi usukani ukiwa mwepesi mkononi nikiwa na watoto ndani. Sitaki uhisi hivyo.

Sasa karatasi, na hapa naomba unisikilize kuliko kokote. Namba ya chesisi ya tarakimu 17 imekuwa ya lazima tangu mwaka 1981. Trela za kabla ya hapo zina namba fupi, kila kiwanda kwa mtindo wake, imepigwa kwenye chuma cha mkono wa mbele, au iko kwenye kibati karibu na mlango. Futa kutu kwa brashi ya waya uisome mwenyewe, herufi kwa herufi, ukiwa na hati ya umiliki mkononi, ile ambayo nyumbani tunaiita logibuku. Niliiacha trela nzuri sana huko Wisconsin, kavu, kamili hadi vitasa, kwa sababu ya tarakimu moja iliyotofautiana. Mzee aliyekuwa akiiuza alikuwa mtu mwema na nadhani kosa lilikuwa la karani wa zamani. Lakini ofisi ya usajili haisajili wema. Ukiambiwa hati imepotea, muuzaji aombe nyingine kwa jina lake kabla hujatoa pesa. Yapo majimbo yasiyotoa hati kwa trela ndogo au kuukuu; hapo piga simu ofisi ya jimbo lako uulize wanataka nini badala yake, na upate hati ya mauzo iliyosainiwa.

Kwa bei, nunua Oktoba au Novemba. Hakuna anayetaka kulala na trela uani msimu mwingine wa theluji. Hesabu vilivyomo: jiko, madirisha na vishikio vyake, taa, vifuniko vya magurudumu. Mbao utazikata upya, lakini kishikio cha dirisha cha mwaka 1962 unaweza kukitafuta mwaka mzima. Gesi na umeme vihesabu kuwa vibovu hadi vipimwe na fundi. Usikubali muuzaji akuwashie jiko au friji kukuonyesha kwamba linafanya kazi.

Ukikubaliana, usivute siku hiyo. Rudi na matairi. Kwenye ubavu wa tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi iliyozidi miaka sita siiamini barabarani hata ikiwa na meno mazima. Pima tufe la chuma la kufungia, maana za zamani nyingi ni inchi 2 au inchi 1 na saba ya nane, na tufe dogo ndani ya kifungio kikubwa linachomoka. Pishanisha minyororo chini, funga taa za kubandika, tia grisi kwenye beringi. Baada ya maili kumi simama, sogeza kiganja taratibu karibu na kitovu cha kila gurudumu. Kikiwa cha moto usioweza kugusa, beringi imekwisha, usiendelee.

Ukifika, usibandue kitu. Piga picha kila kona, kila skrubu, kisha ngoja mvua. Trela yangu ya pili ilipata mvua yake usiku wa Jumamosi. Niliingia na mwanangu wa miaka tisa, yeye ameshika taa, mimi chaki. Tulikaa zaidi ya saa moja, na kila lilipodondoka tone nilichora duara. Yalikuwa saba: manne nyuma, mawili chini ya tundu la hewa, moja juu ya mlango. Asubuhi nilianza kazi kwenye duara la kwanza.